Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na mitatu masijala ya ardhi, Moshi:
faili la kijani, faili jekundu, muhuri, saini,
na kwenye droo ya chini, chini ya karatasi za kaboni,
bahasha ya vipande vya vitenge
nilivyookota kwa fundi Msangi, karibu na stendi.

Nilishona kwa wizi.
Robo saa umeme ulipokatika ofisini.
Saa nne usiku, watoto wamelala,
maharage ya kesho yakijichemkia yenyewe.
Shuka la vipande la Ndeonansia nililianza akiwa tumboni,
nikalimaliza akiwa darasa la pili.
Pembeni kuna kipande cha gauni lililombeba.
Hajui.

Siku ya kuniaga walinipa sufuria sita
na saa ya ukutani.
Saa! Kwa mtu aliyestaafu!
Kiinua mgongo kikaingia benki baada ya miezi saba,
mgongo wenyewe ukakataa kuinuka,
umeshazoea kuinama.

Nikanunua cherehani ya umeme na meza pana.
Nikasema: haya, Aikande, jishonee.

Jumatatu ya kwanza niliamka saa kumi na moja,
nikaoga, nikavaa viatu vya ofisini,
nikaketi mbele ya cherehani na viatu vyangu.
Siku ilikuwa jora zima,
halina alama ya chaki, halina pa kuanzia.
Nikaogopa kutia mkasi.
Nikafagia. Nikapanga vipande kwa rangi,
kisha kwa ukubwa, kisha kwa rangi tena,
kama faili.
Hata jioni, sindano ilikuwa na uzi wa jana.

Ndipo watu wakaja na mikasi yao.
Jumuiya wakanipa uhazini.
Wifi akaniita Kibosho nikae na mgonjwa.
Ndeonansia akaleta mapacha kutoka Njiro,
"mara moja tu, mama," wiki sita.
Jirani akaniachia funguo nimsubirie fundi bomba.
Si umestaafu? Wewe si una nafasi?
Jora langu likawa vipande
kabla sijakata hata kimoja.

Zamani tulikutana Jumamosi, wanne, saa nane hadi saa kumi,
vidole mbio, midomo mbio zaidi,
mtu anaondoka na safu tatu.
Siku hizi ni Jumanne, tangu chai ya asubuhi
mpaka kivuli cha nyumba kihamie upande wa pili,
na mtu anafumua alichoshona Jumanne iliyopita
kwa sababu anaweza.
Haikaeli, nesi wa wodi ya wazazi,
bado anashona kama anayemshona mtu:
midogo, ya karibu, akiuliza "inauma?"
Perpetua ana mtoto wa jicho.
Tunamtungia sindano ishirini,
anaondoka nazo zimechomekwa kwenye sponji,
kila moja na mkia wake, zimtoshe wiki.

Bi Rukia alinisikiliza nikilalamika mpaka mwisho.
Akakata uzi kwa meno, yale machache yaliyobaki.
"Umesahau kazi uliyojifunza," akasema.
"Iba."

Basi kila Alhamisi nina kliniki.
Presha, nawaambia. Foleni ni ndefu.
Navaa viatu vya ofisini, nakamata mkoba,
natoka kwa geti la mbele, nazunguka nyuma ya migomba,
naingia stoo, kati ya debe la mahindi na baiskeli mbovu,
nashona kwa mkono, maana cherehani ingenisema.
Na vidole, jamani, vinakimbia!
Mwezi huu wa saba, ukungu umeshuka hadi kwenye bati,
mlima hatujauona siku tisa,
mimi nina safu kumi na moja.

Alhamisi iliyopita mlango ulilia.
Ombeni, pacha mdogo, kamasi mdomoni.
Akanitazama. Akatazama debe. Akatazama baiskeli.
"Bibi, daktari yuko wapi?"

Nikampa kipande cha njano akishike kwa ncha mbili.
Bado hajafika, nikamwambia.
Kaa. Rudisha mlango.